Rangi ya springi: Kinga nyembamba inayoamua kama chuma kitadumu au kitavunjika njiani

SPRINGI ni miongoni mwa vifaa vya gari ambavyo wamiliki wengi huvikumbuka pale tu vinapovunjika. Mlio mkali wa chuma husikika gari likipita kwenye tuta au shimo, upande mmoja wa gari hushuka, na fundi anapoinua gari hukuta kipande cha springi kimekatika. Maelezo yanayotolewa gereji mara nyingi huwa mawili: barabara mbovu au mzigo mkubwa.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayajitoshelezi. Gari lingine la aina hiyo hiyo hupita kwenye shimo lile lile kwa miaka bila kudhurika. Mpasuko ukitazamwa kwa makini, mara nyingi huonekana sehemu ndogo yenye kutu ya zamani pembezoni mwa chuma, na sehemu kubwa inayong'aa iliyokatika siku hiyo. Sehemu ile ndogo ndiyo inayoeleza kisa chote. Hapo ndipo rangi ya kinga ilipobanduka, maji yenye chumvi yakaingia, na chuma kikaanza kuliwa muda mrefu kabla ya siku ya ajali.

Kinga hiyo ni nyembamba mno ikilinganishwa na kazi yake. Rangi ya unga inayopakwa kwenye springi nyingi za magari madogo huwa na unene wa takriban mikroni 60 hadi 100, yaani unene unaokaribiana na unywele mmoja wa binadamu. Ikibaki nzima, springi inaweza kutumika kwa umri wote wa gari. Ikipata jeraha, umri wa springi huanza kuhesabiwa upya, na kwa kasi kubwa zaidi.

Chuma imara chenye udhaifu mmoja

Magari hutumia springi za aina kuu mbili. Ya kwanza ni springi ya koili, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa, ambayo hupatikana kwenye magari mengi madogo. Ya pili ni springi bapa, ambayo ni vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa bolti zenye umbo la U. Hii hutumika zaidi kwenye malori, magari ya mizigo na baadhi ya mabasi madogo.

Zote hutengenezwa kwa chuma maalumu chenye kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kilichochanganywa na madini kama silikoni, kromu au vanadi. Ubora wa chuma hicho unafahamika hata nje ya gereji. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki huchagua springi bapa zilizochakaa kwa ajili ya kufua mapanga, visu na sime, kwa sababu hushika makali na havipindi ovyo.

Waya wa springi ya koili ya kisasa unaweza kuhimili mkazo wa zaidi ya megapaskali 1,800 kabla ya kukatika, wakati nondo nyingi za kujengea nyumba huwekwa kwenye daraja la megapaskali 500. Nguvu hiyo imewawezesha watengenezaji kutumia waya mwembamba na kupunguza uzito wa gari, jambo linalosaidia kuokoa mafuta.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina gharama yake. Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu na kubebeshwa mkazo mkubwa, ndivyo kinavyoshindwa kustahimili jeraha dogo. Muuza vitambaa sokoni hukata pindo la kitambaa kidogo kwa mkasi, kisha huchana kipande chote kwa mikono bila taabu. Shimo dogo la kutu kwenye springi hufanya kazi ya mkasi ule. Mkazo wote hukusanyika kwenye ncha ya shimo, ufa mwembamba huanza, na kila gari linapopanda na kushuka ufa husogea mbele kidogo.

Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Kutu inapoungana na uchovu, matokeo huwa mabaya kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, kwa kuwa maji yenye chumvi huendelea kuula ufa huku mtikisiko ukiufungua. Springi haihitaji kuliwa nusu ya unene wake ndipo ivunjike. Shimo lenye kina cha sehemu ndogo ya milimita laweza kutosha.

Kinga huanzia kiwandani

Kabla ya springi kupakwa rangi, hupitia hatua kadhaa. Baada ya kuundwa, kuzimwa kwenye mafuta na kupashwa tena moto ili isiwe dhaifu kama kioo, springi hupigwa kwa chembe ndogo za chuma zinazorushwa kwa kasi. Hatua hiyo huacha ngozi ya nje ya chuma ikiwa imejibana, na ngozi iliyojibana huzuia nyufa kufunguka.

Baada ya hapo springi huoshwa na kuwekwa tabaka jembamba la fosfeti, mara nyingi fosfeti ya zinki, ambalo kazi yake ni kuifanya rangi ishike vizuri. Bila tabaka hilo, rangi nzuri inaweza kubanduka kama ganda, hata kama imepakwa nene. Kisha rangi ya unga, ambayo kwa kawaida ni epoksi au mchanganyiko wa epoksi na poliesta, hupuliziwa ikiwa na chaji ya umeme ili ing'ang'anie chuma, halafu huokwa kwenye tanuri.

Joto la tanuri nalo lina mipaka. Likizidi sana nyuzi 200 za Selsiasi, ule mbano wa ngozi ya chuma uliopatikana kwa kupigwa na chembe huanza kulegea. Rangi ya springi hivyo hulazimika kuiva kwenye joto la wastani.

Swali linaloulizwa na wengi ni kwa nini springi isichovywe kwenye zinki kama mabati ya kuezekea. Jibu liko kwenye chuma chenyewe. Zinki ya kuchovya huyeyushwa kwenye joto la takriban nyuzi 450, joto linaloweza kuharibu ugumu uliotengenezwa kwa uangalifu. Njia ya kupaka zinki kwa umeme nayo huhusisha tindikali, na hutoa haidrojeni inayoweza kupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla bila dalili.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji wanaotaka faida ya zinki huitia ndani ya rangi. Springi za namna hiyo hupewa matabaka mawili: la chini lenye unga mwingi wa zinki, na la juu lililo gumu kwa ajili ya kuhimili mawe. Jiwe likitoboa tabaka la juu, zinki huliwa kwanza badala ya chuma na hivyo kuchelewesha kutu. Mfumo huo hugharimu zaidi, na si kila springi inayouzwa dukani inao.

Alama za rangi nyekundu, njano au kijani zinazoonekana kwenye baadhi ya springi mpya hazihusiani na ubora wa kinga. Kwa kawaida ni alama za utambulisho zinazoonyesha springi hiyo imekusudiwa gari la aina gani au uzito gani.

Saa za maabara si miaka ya barabarani

Baadhi ya maboksi ya vipuri hutaja idadi ya saa ambazo rangi imestahimili ukungu wa chumvi. Kipimo hicho ni cha zamani. Mwongozo wa Marekani unaojulikana kama ASTM B117 ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939, na mwongozo wa kimataifa unaofanana nao ni ISO 9227. Katika vyote viwili, kifaa huwekwa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 35 na kupuliziwa mfululizo ukungu wa maji yenye chumvi ya asilimia 5.

Mnunuzi akisoma kwamba rangi ilistahimili saa 1,000, anaweza kudhani amepewa dhamana ya miaka kadhaa. Saa 1,000 ni siku zipatazo 42 tu, na miongozo hiyo haitoi kanuni ya kuzigeuza kuwa miaka ya barabarani. Ndani ya kabati hakuna jua, hakuna kukauka, hakuna kokoto, na springi haipandi wala kushuka. Kipimo kinafaa kulinganisha rangi moja na nyingine au kugundua kasoro za kiwandani. Hakikuundwa kutabiri umri.

Ndiyo maana viwanda vya magari viliongeza vipimo vingine. Katika mwongozo wa SAE J2334, kifaa hupitishwa kwenye unyevu, chumvi na ukavu kwa mizunguko ya saa 24, kwa kuwa kulowa na kukauka kwa zamu hukaribiana zaidi na maisha ya barabarani. Katika mwongozo wa SAE J400, kokoto hurushwa kwa nguvu ya hewa kwenye rangi ili kuona ni kiasi gani kitabanduka.

Kipimo kinachosema ukweli zaidi huunganisha yote. Springi huchunwa kwa kokoto, hupuliziwa chumvi, kisha hubanwa na kuachiwa maelfu kwa maelfu ya mara hadi ivunjike. Springi mbili zilizofanana kwenye kabati la chumvi zinaweza kutofautiana sana katika kipimo hiki, kwa kuwa moja rangi yake ilikuwa ngumu lakini dhaifu kwa mawe, na nyingine ilikuwa na uwezo wa kunyumbuka pamoja na chuma.

Mahali rangi inapofia

Rangi ya springi ni nadra kuchakaa sawasawa pande zote. Hufa kwenye maeneo machache yanayojulikana. La kwanza ni mzunguko wa chini kabisa wa springi ya koili, pale inapokalia kitako chake. Mchanga na tope hunasa hapo, na kila mtikisiko huusugua mchanga kwenye rangi kama msasa. Maji nayo hutuama hapo baada ya sehemu nyingine kukauka. Springi nyingi za koili hukatikia ndani ya mzunguko huo au juu yake kidogo.

Eneo la pili ni upande unaotazama tairi na barabara, ambako kokoto hurushwa moja kwa moja. La tatu ni mahali mizunguko miwili inapogusana gari likibebeshwa mzigo mkubwa. Chuma kikigonga chuma, rangi haiwezi kudumu.

Kwenye springi bapa tatizo lina sura nyingine. Vipande vya chuma husuguana kila gari linapotembea, na rangi iliyo katikati yake husagika mapema. Maji huingia kwenye mwanya na kubaki humo. Kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huvisukuma vipande mbali na kuongeza mwanya wa kuingiza maji zaidi. Vipande vingi hukatikia karibu na tundu la bolti ya katikati au chini ya bolti za U, mahali ambapo jicho la dereva halifiki. Springi bapa za kisasa zenye vipande vichache vinavyoachana, kila kimoja kikiwa kimepakwa rangi kabla ya kufungwa, zilipunguza msuguano huo.

Mfano wa wazi ulitokea Novemba 2014, pale kampuni ya Toyota ilipotangaza kuyarudisha gereji magari yapatayo 690,000 aina ya Tacoma ya mwaka 2005 hadi 2011 nchini Marekani. Kampuni hiyo ilieleza kuwa kipande cha springi bapa za nyuma kingeweza kuvunjika kutokana na mkazo na kutu, kisha kusogea na kugusa vifaa vya jirani, likiwamo tangi la mafuta.

Chumvi ya bahari na chumvi ya theluji

Mazingira huamua kasi ya yote hayo. Mwongozo wa ISO 9223 hugawa hali ya hewa kwa namna inavyokula chuma kisicho na kinga. Katika daraja la kati, C3, chuma hupoteza mikroni 25 hadi 50 kwa mwaka wa kwanza. Katika daraja la C5, ambalo mifano yake ni pamoja na maeneo ya pwani yenye chumvi nyingi, hupoteza mikroni 80 hadi 200. Jeraha moja kwenye rangi kwa hiyo halina uzito sawa kila mahali. Gari la Dodoma na gari linalolala mita chache kutoka ufukweni Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa hayapewi muda sawa.

Magari yanayovuka kila siku kwa pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni hupita karibu kabisa na maji ya bahari, na yale yanayoendeshwa kwenye mchanga wa ufukweni hubeba chumvi iliyonasa chini ya bodi hadi nyumbani.

Kuna pia chumvi inayofika ndani ya gari lenyewe. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingizwa Tanzania na Kenya hutoka Japan, ambako mikoa yenye theluji nyingi kama Hokkaido humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari la huko linaweza kuwa na bodi inayong'aa na kilomita chache, huku springi na mabomba ya breki yakiwa yameanza kuliwa. Picha za mnada mara nyingi huonyesha bodi na viti, na umri pekee hautoi jibu. Sheria ya Kenya inayozuia magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa mfano, haisemi lolote kuhusu gari lilikaa mji gani.

Tiba zinazoongeza ugonjwa

Baadhi ya desturi za kulinda springi huleta madhara. Iliyoenea zaidi ni kupuliza oili chafu chini ya gari baada ya kuoshwa. Oili huzuia maji kwa muda mfupi, lakini hunasa vumbi na mchanga ambao huendelea kusugua rangi. Mbaya zaidi, oili ya injini huvimbisha na kulainisha bushi na vitako vya raba, vifaa ambavyo huikinga springi isigusane na chuma kingine. Oili inayodondoka huchafua udongo na mifereji pia.

Desturi ya pili ni kupaka rangi nyeusi juu ya kutu. Springi hupendeza kwa macho, lakini mashimo hubaki chini ya rangi yakiwa na chumvi yake, na ufa ulioanza huendelea. Rangi mpya hufaa tu kwenye mkwaruzo mdogo uliosafishwa hadi chuma kitupu na ambao haujaacha shimo. Rangi yenye zinki nyingi ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo. Springi yenye mashimo ya kutu haitibiki kwa brashi.

Desturi ya tatu, na ya hatari zaidi, ni kuchomelea springi iliyokatika au kuipasha moto ili gari lishuke. Moto wa kuchomelea hufuta ugumu wa chuma mahali hapo na kukifanya kikatike pembeni mwa mshono. Huunguza pia rangi kwa sentimita kadhaa, hivyo hata chuma kilichobaki huachwa uchi.

Nini cha kukagua

Springi iliyovunjika haitoi taarifa kila mara. Kipande cha chini kinaweza kukaa ndani ya kitako chake kwa wiki kadhaa, dereva akisikia mlio mdogo tu. Hatari hujitokeza ncha kali inapochomoka. Kwenye magari mengi madogo springi ya mbele hukaa sentimita chache kutoka kwenye tairi, na ncha hiyo inaweza kulitoboa tairi gari likiwa kwenye mwendo. Nchini Uingereza springi iliyovunjika ni moja ya sababu za gari kukataliwa katika ukaguzi wa kila mwaka, hata kama linatembea vizuri.

Ukaguzi hauhitaji mitambo. Tairi linapofunguliwa kwa sababu yoyote, mwenye gari anaweza kumulika tochi kwenye mzunguko wa chini wa springi na kutazama mambo manne: rangi iliyovimba kama malengelenge, kutu inayotoka chini ya rangi, tope lililogandamana kwenye kitako, na raba iliyokatika. Gari lililosimama mahali tambarare lipimwe pia kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Tofauti inayoonekana kwa macho ni sababu ya kumwona fundi.

Kuosha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya safari ya ufukweni, hususan kuondoa mchanga kwenye vitako vya springi, ni kinga rahisi kuliko zote. Mtungo wa maji yenye kasi kubwa usielekezwe kwa karibu kwenye rangi iliyokwisha kupasuka, kwa kuwa huibandua zaidi.

Springi inapobadilishwa, zibadilishwe mbili za ekseli moja pamoja na raba zake, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kifaa cha kubana springi, kwani ikifyatuka inaweza kuua. Kwa anayenunua vipuri vya mtumba, iwe Gerezani, Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, springi iliyopakwa rangi mbichi juu ya uso wenye vishimo ni ya kuachwa dukani. Ile yenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imefifia, humwonyesha mnunuzi hali yake halisi.

Watengenezaji wamejaribu pia kuondokana na kutu kabisa. Chevrolet Corvette ya mwaka 1981 ilitumia springi bapa ya nyuma iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo, na mwaka 2014 kampuni ya Audi ilitangaza springi ya koili ya nyuzi za kioo yenye uzito wa kilo 1.6 badala ya kilo 2.7 za chuma. Springi za namna hiyo hazipati kutu. Hata hivyo, magari mengi yaliyopo barabarani bado yanabebwa na chuma, na chuma hicho kinabebwa na rangi yenye unene wa unywele.